Vikope: Ugonjwa wa Macho Unaopofusha Polepole

Lindi ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania iliyosumbuliwa na vikope, yaani trakoma. Ugonjwa huu huletwa na bakteria. Huenezwa kwa vidole, kwa taulo au upindo wa khanga uliofutia tongo, na kwa nzi wanaotua usoni.

Dalili zake ni macho kuwa mekundu, kuwasha na kutoa tongo. Ukilipindua kope la juu huonekana vipele vidogo ndani yake. Mtoto akiambukizwa mara kwa mara, kope huingia makovu. Ukubwani hujikunja kwa ndani, nywele zake zikakwaruza jicho hadi likapofuka. Akina mama huumia zaidi, kwa kuwa ndio walezi wa watoto.

Hospitalini hutolewa azithromaisini ya kumeza, au tetrasaiklini ya kupaka jichoni kwa wiki 6. Kope lililojikunja hurekebishwa kwa upasuaji mdogo. Kung'oa nywele kwa kibano ni nafuu ya muda tu, kwani huota tena.

Sisi tunaoswali huosha uso kila tunapotawadha. Lakini wanaobeba zaidi vijidudu hivi ni wadogo zetu ambao hawajaanza kuswali, na nyuso zao hushinda na tongo. Basi, mwanafunzi, ukimaliza kutawadha mwite mdogo wako, umwoshe uso naye. Hapo utakuwa umelinda macho yake, na ya mama yenu pia.