Walivyosoma Wajapani Kabla ya Kuwapo Wizara ya Elimu

Katikati ya jiji la Osaka, mtaa wa Kitahama, imebaki nyumba kongwe ya mbao iliyobanwa na majengo ya ofisi. Ghorofani kuna ukumbi uliotandikwa mikeka minene iitwayo tatami, na katikati ya ukumbi imesimama nguzo yenye makovu ya panga. Makovu hayo yaliachwa na wanafunzi, wengi wao vijana wa samurai, tabaka la wapiganaji, waliomalizia uchovu wa vitabu kwa kuichanja nguzo ya watu. Hii ndiyo Tekijuku, shule ya lugha ya Kiholanzi na tiba ya Kizungu, aliyoianzisha tabibu Ogata Koan mwaka 1838 na kuihamishia hapa miaka michache baadaye.

Kila mwanafunzi wa bweni alipewa mkeka mmoja, kama mita 1.8 kwa 0.9. Hapo hapo alisoma, akaweka vitu vyake, akalala. Aliyepata sehemu ya ukutani alikuwa na bahati; aliyeangukia njiani alikanyagwa usiku kucha. Sehemu hizo hazikugawiwa kwa ukoo wala kwa cheo cha baba. Wanafunzi wa daraja moja walikutana kila baada ya siku chache, wakagawana vipande vya kitabu cha Kiholanzi, kila mmoja akafasiri chake mbele ya wenzake. Akikwama, anayefuata anajaribu, na kiranja anaandika alama. Mwenye alama nyingi ndiye aliyechagua mkeka kwanza, na aliyeongoza miezi mitatu mfululizo alipandishwa daraja.

Kamusi ilikuwa moja kwa wote. Ilinakiliwa kwa mkono, ikatengewa chumba chake na haikuruhusiwa kutoka. Siku za kukaribia zamu ya kufasiri, taa ya chumba hicho ilikesha ikiwaka. Fukuzawa Yukichi, aliyeingia mwaka 1855 na baadaye kuwa kiranja mkuu, anasimulia katika tawasifu yake kwamba siku moja aliugua, akatafuta mto wa kulazia kichwa, ndipo akagundua kuwa hana: kwa muda mrefu alikuwa akisinzia juu ya meza, akiamka anaendelea kusoma. Sijui kama daktari angempongeza.

Tumezoea kusimuliwa Japani kuanzia mwaka 1868, serikali mpya ilipoamua kuiga Ulaya na nchi ikapaa. Ni kweli walijifunza mengi kwa Wazungu, na kwa haraka. Ila simulizi hiyo inaruka zaidi ya miaka 260 ya utawala wa mashoguni, watawala wa kijeshi wa ukoo wa Tokugawa, ambapo kwa sehemu kubwa Wajapani walizuiwa kusafiri ng'ambo, na Wazungu pekee walioruhusiwa kufanya biashara walikuwa Waholanzi, waliowekwa kwenye kisiwa kidogo cha Dejima huko Nagasaki. Ndani ya nchi hiyo iliyojifungia, watu wa kawaida walishikwa na hamu ya kusoma, na serikali haikuwa imewalazimisha.

Sababu zake zilikuwa za kazi. Nchi ina milima mingi na mabonde machache ya kulima, na kodi ililipwa kwa mchele. Mzigo wa kodi uliwekwa juu ya kijiji kizima, kwa hiyo ilibidi mzee wa kijiji ajue kuandika, kugawanya na kutunza daftari, la sivyo wanakijiji wangeonewa au wangegombana wenyewe kwa wenyewe. Samurai nao, vita vilipokwisha, waligeuka makarani wenye panga kiunoni. Mjini, mfanyabiashara asiyejua hesabu aliliwa na wenzake. Mwaka 1627 Yoshida Mitsuyoshi alitoa kitabu cha kufundisha soroban, ile fremu ya shanga za kuhesabia, kikieleza namna ya kuuza mchele, kukokotoa riba na kupima ardhi, na kuchangamsha ubongo kwa mafumbo, kama la panya wanaozaana mwezi hadi mwezi. Jina lake ni *Jinkoki*, na kilichapwa na kuigwa tena na tena kwa vizazi.

Watoto walisomea katika vishule vya mitaani vilivyoitwa terakoya. Mtu wa pwani yetu angechungulia ndani angekumbuka chuo cha Kurani: mwalimu mmoja, watoto wa rika mbalimbali, kila mmoja na sehemu yake anayoisoma. Mwalimu aliweza kuwa mtawa wa Kibuddha, samurai asiye na bwana au mama mwenye mwandiko mzuri. Malipo yalikuwa sarafu, mchele, mboga, chochote mzazi alichonacho. Karatasi ilikuwa ghali, basi mtoto aliandika juu ya maandishi ya jana na ya juzi hadi ukurasa ukawa mweusi tii, na herufi ya leo alitambua kwa mng'ao wa wino mbichi tu. Mtoto wa duka alinakili majina ya sarafu, vitambaa na mizani pamoja na adabu za kumpokea mteja, yote katika kitabu kimoja. Wasichana walikuwamo pia, hasa mijini, ingawa wachache kuliko wavulana.

Nimeitaja adabu ya mteja makusudi. Wajapani wa zama hizo hawakutenganisha elimu ya mkono na malezi ya moyo, na wa kumtazama hapa ni Ishida Baigan. Alizaliwa mwaka 1685 kwa wakulima wa milimani karibu na Kyoto, akapelekwa mjini kufanya kazi dukani, akasoma vitabu kwa kuibia muda alfajiri na usiku. Mwaka 1729 alifungua mlango wa nyumba yake Kyoto na kuanza kufundisha bure, bila kudai barua ya kutambulishwa kwa mtu. Wanawake nao walikaribishwa. Wakati huo wanazuoni waliomfuata Konfusio, mwanafalsafa wa Uchina, walimweka mfanyabiashara ngazi ya mwisho, chini ya samurai, mkulima na fundi, wakisema hazalishi kitu. Baigan akajibu kwamba faida halali ya mfanyabiashara ni sawa na posho ya samurai. Lakini faida ya hila ni wizi, na mtu hawezi kuwa mwaminifu dukani ikiwa hajaujua na kuusafisha moyo wake mwenyewe. Baada yake wanafunzi wake walisambaza mafundisho hayo katika miji mingi.

Osaka napo, wafanyabiashara watano walichanga fedha mwaka 1724 wakaanzisha chuo chao, Kaitokudo. Kanuni zake zilimruhusu mtu mwenye shughuli kutoka katikati ya somo, na asiye na kitabu aliruhusiwa kukaa akasikiliza. Hapo ndipo alipotokea Yamagata Banto, meneja wa nyumba ya kukopesha fedha, aliyeandika kuwa dunia inalizunguka jua na kwamba mizimu haipo.

Wengine walijifunza nje ya darasa. Kaibara Ekken, mtumishi wa bwana wa Fukuoka, alitembea mashambani akiuliza wakulima na wavuvi, akatoa mwaka 1709 kitabu kinachoeleza aina zaidi ya 1,300 za mimea, wanyama na madini. Mwaka 1713, akiwa na umri wa miaka 83 hivi, akatoa kitabu cha kutunza afya, kwa lugha nyepesi, akihimiza watu wale kwa kiasi. Huyu aliishi alivyohubiri.

Wa kushangaza kuliko wote kwangu ni Ino Tadataka. Alikuwa mtengeneza pombe ya mchele katika mji wa Sawara, mashariki mwa Edo, jiji ambalo leo ni Tokyo. Alipokaribia miaka 50 alimkabidhi mwanawe biashara, akahamia Edo na kwenda kupiga magoti mbele ya mnajimu Takahashi Yoshitoki, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka 19, akiomba afundishwe. Swali lililomkosesha usingizi lilikuwa ukubwa wa dunia. Ili kulijibu alihitaji kupima umbali mrefu wa kaskazini na kusini, na ili apate kibali cha kusafiri, pendekezo lililopelekwa serikalini lilikuwa la kuchora ramani ya kaskazini. Mwaka 1800, akiwa na miaka 55, aliondoka kwa miguu kuelekea Ezo, ambayo sasa ni Hokkaido, akihesabu hatua mchana na kupima nyota usiku, sehemu kubwa kwa fedha yake. Hakuacha hadi mwaka 1816. Urefu wa digrii moja ya latitudo aliupata karibu sana na hesabu ya leo. Alifariki mwaka 1818, wanafunzi wake wakaficha kifo hicho hadi walipokamilisha ramani mwaka 1821. Mwaka 1861 meli ya jeshi la Uingereza ilipokuja kupima pwani, maofisa wake walionyeshwa nakala. Walipoona ilivyo sahihi, wakaacha kupima nchi kavu na kubaki na kazi ya kupima vina vya bahari.

Serikali mpya, ile ya mwaka 1868, iliunda Wizara ya Elimu mwaka 1871, na mwaka uliofuata ikatangaza sheria ya shule kwa kila mtoto. Mwaka huo huo Fukuzawa alianza kutoa vijitabu vyake vya kuhimiza elimu, akisisitiza kwanza ile inayotumika kila siku: barua, hesabu, mizani, jiografia. Vilinunuliwa kama njugu. Lakini shule mpya zilidai ada na kuchukua mikono ya kazi shambani, na mwaka 1873 wakulima wa baadhi ya mikoa walizichoma moto. Sehemu hii husahaulika kila tunapoambiwa tuige Japani.

Serikali nayo ilijua namna ya kuyatumia malezi ya zamani. Baada ya mwaka 1890 somo la maadili liligeuzwa somo la utii kwa mfalme, na aliyebebeshwa kazi hiyo ni Ninomiya Sontoku, mkulima aliyefariki mwaka 1856. Sontoku alikuwa yatima aliyeokota miche ya mpunga iliyotupwa, akaipanda kwenye ardhi isiyo na mwenyewe, akafufua shamba la baba yake na baadaye vijiji vilivyofilisika. Shuleni aligeuzwa kijana mtiifu wa sanamu, mzigo wa kuni mgongoni, kitabu mkononi, akisoma huku anatembea. Sanamu zake za shaba, nyingi ziliyeyushwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Za mawe zipo hadi leo, ila miaka ya karibuni baadhi ya wazazi wamelalamika kuwa zinawafundisha watoto kutembea huku wamekodolea simu, na zipo shule zilizosimamisha sanamu mpya, Sontoku akiwa ameketi.