Nyoka wa nyumbani si adui wa watu

MKAZI wa Amani, mjini Zanzibar, akikuta nyoka wa kahawia uani usiku, kwa kawaida hutafuta fimbo. Hata hivyo, huenda huyo ni nyoka wa nyumbani, ajulikanaye kitaalamu kama Boaedon, ambaye hana sumu.

Hutambulikana kwa mistari miwili hafifu kila upande wa kichwa. Mchana hujificha mashimoni na chini ya mawe. Usiku hutoka kuwinda panya na mijusi, akiwabana hadi wafe.

Panya ni miongoni mwa wanyama wanaoeneza homa ya mgunda, iliyoua watu mkoani Lindi mwaka 2022. Kumuua nyoka huyo, basi, ni kuwanufaisha panya.

Kwa kuwa Unguja ina pia nyoka wenye sumu, asiyetambulika asiguswe. Aachiwe njia aondoke.