Kubadili Anwani ya Mtumaji katika Baruapepe Zitokazo kwenye Seva ya Nyumbani: Mfano wa Lushoto

Mjini Lushoto, kama kwingineko nchini Tanzania, anwani ya kurudishia barua kwa kawaida ni sanduku la posta, si nyumba ya mwandishi. Seva ya baruapepe iliyo nyumbani katika milima ya Usambara huhitaji utaratibu kama huo. Anwani yake ya ndani, mathalani mwalimu@nyumbani.lan, haina kikoa kinachotambulika kwenye intaneti; hivyo seva ya mpokeaji huweza kuikataa barua, na hata ikiipokea, jibu halitafika.

Programu ya Postfix, tangu toleo la 2.2 la mwaka 2005, hutatua tatizo hili kwa jedwali la smtp_generic_maps. Jedwali hilo huibadili anwani ya ndani kuwa anwani halali iliyotolewa na mtoa huduma, kwenye bahasha na kwenye kichwa cha barua, pale tu barua inapotoka nje kwa SMTP. Kinyume chake, canonical_maps hugusa pia barua zinazobaki nyumbani.

Hata hivyo, kubadili anwani pekee hakutoshi. Kwa mujibu wa SPF, iliyofafanuliwa katika RFC 7208 ya mwaka 2014, mpokeaji hukagua iwapo kikoa kilicho kwenye bahasha kimeiruhusu seva inayotuma. Kwa hiyo barua haina budi kupitia seva ya mtoa huduma huyo. La sivyo, huweza kuhesabiwa kuwa ya kughushi.