Uwakilishi wa Kidemografia katika Tafiti za Matatizo ya Ulaji kwa Wanamichezo wa Kike: Ufafanuzi kwa Mtazamo wa Ilemela, Mwanza

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna muundo wa sampuli unavyoathiri maarifa kuhusu matatizo ya ulaji miongoni mwa wanamichezo wa kike. Hoja ya msingi ni kwamba vipimo na viwango vinavyotumika leo vilijengwa kwa kuwachunguza wanawake wachache wa Ulaya na Marekani, kisha vikachukuliwa kuwa vya wanawake wote. Kwa kurejelea tafiti kutoka Kenya, Afrika Kusini na Tanzania, makala yanaonesha kuwa mwanamichezo wa Ilemela anaweza kukosewa kwa njia mbili: kutoonekana kabisa, au kuonekana kuwa na tatizo asilokuwa nalo. Makala yanapendekeza taarifa za kidemografia zinazopaswa kukusanywa.

1.0 Utangulizi

Manispaa ya Ilemela ipo kando ya Ziwa Viktoria, mkoani Mwanza, na ndipo ulipo Uwanja wa CCM Kirumba. Mkoa wa Mwanza una Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba, na timu ya Alliance Girls imeuwakilisha katika Ligi Kuu ya Wanawake. Mwaka 2022, timu ya taifa ya wasichana wenye umri chini ya miaka 17 ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini India. Ni dhahiri kwamba wasichana wengi zaidi wanafanya mazoezi makali wakiwa katika umri wa kukua.

Kukua huku kwa michezo kunaibua swali la kiafya. Mwanamichezo wa kike asipopata chakula kinacholingana na nguvu anazotumia, hedhi yake huweza kuvurugika au kukoma, mifupa yake ikadhoofika, na majeraha yakamwandama. Ili kumsaidia, daktari au mwalimu wa michezo hutegemea matokeo ya tafiti. Kabla ya kuyatumia matokeo hayo, hata hivyo, yapasa kuuliza: tafiti hizo zilimhesabu nani?

2.0 Ufafanuzi wa Dhana

Dhana tatu zinahitaji kutenganishwa. Ya kwanza ni matatizo ya ulaji yenye utambuzi wa kitabibu, kama vile kujinyima chakula kwa kuogopa kunenepa, au kula kupita kiasi na kisha kujitapisha. Ya pili ni ulaji uliovurugika, yaani tabia zinazoelekea huko bila kufikia kiwango cha ugonjwa. Ya tatu ni upungufu wa nishati, yaani hali ya mwili kubakiwa na nguvu kidogo mno baada ya kuondoa zile zilizotumika mazoezini. Mwaka 2014, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko lililoiweka dhana hii ya tatu katikati ya mjadala, na kulihuisha mwaka 2018 na 2023.

Utenganisho huu ni wa lazima kwa sababu upungufu wa nishati unaweza kutokea bila mwanamichezo kuwa na nia ya kupunguza mwili. Anaweza kuwa amekosa chakula, amekosa muda wa kula, au hajui kuwa mazoezi yameongeza mahitaji yake. Uwakilishi wa kidemografia, kwa upande wake, ni kiwango ambacho sampuli inabeba sifa za kundi linalozungumziwa: umri, kipato, elimu, makazi, dini na mengineyo.

3.0 Chimbuko la Viwango Vinavyotumika

Utafiti unaorejelewa mara nyingi ni ule wa Sundgot-Borgen na Torstveit wa mwaka 2004 nchini Norway. Ulihusisha wanamichezo 1,620 wa kiwango cha juu, wanaume na wanawake. Takribani asilimia 20 ya wanamichezo wa kike walibainika kuwa na tatizo la ulaji, ikilinganishwa na asilimia 9 ya wanawake wasio wanamichezo. Utafiti huo uliliwakilisha vema kundi lake. Udhaifu huanza pale asilimia hizo zinaponukuliwa kama sifa ya wanamichezo wa kike kwa jumla, bila kutaja kwamba ni za taifa moja tajiri.

Mfano wa pili ni kiwango cha kilokalori 30 kwa kila kilo ya mwili usio na mafuta kwa siku, ambacho hutumika kama mpaka wa upungufu wa nishati. Kiwango hicho kinatokana kwa sehemu kubwa na jaribio la Loucks na Thuma la mwaka 2003 nchini Marekani. Washiriki walikuwa wanawake vijana 29, wenye hedhi ya kawaida na wasiofanya mazoezi mara kwa mara. Jaribio lilikuwa makini na lilijibu swali lake. Hata hivyo, msichana wa miaka 16 anayekua bado na ambaye huenda ana upungufu wa damu hakuwa miongoni mwa hao 29. Si jambo dogo, kwani Utafiti wa Demografia na Afya wa Tanzania wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu.

4.0 Ushahidi kutoka Afrika

Muia na wenzake (2016) waliwachunguza wasichana wakimbiaji 61 wa Kenya na wasio wanamichezo 49. Upungufu mkubwa wa nishati ulionekana kwa asilimia 17.9 ya wakimbiaji dhidi ya asilimia 2.2 ya wenzao, na matatizo ya hedhi kwa asilimia 32.7 dhidi ya 18.3. Lakini katika ulaji uliovurugika kwa kiwango cha kitabibu, tofauti haikuwa na uzito wa kitakwimu: asilimia 4.9 kwa wakimbiaji na 10.2 kwa wasio wanamichezo. Kwa maneno mengine, miili ya wakimbiaji ilikuwa na njaa zaidi, ilhali hojaji za ulaji hazikuwatofautisha na wenzao. Mtafiti anayetumia hojaji pekee angeweza kuhitimisha kuwa wakimbiaji hao hawana hatari ya ziada.

Afrika Kusini inaonesha kosa la upande wa pili. Le Grange na wenzake (2004) walikuta vijana Weusi wa familia maskini wakipata alama za juu katika hojaji ya mielekeo ya ulaji. Walipofanyiwa usaili, ilibainika kuwa majibu mengi yalihusu umaskini na uhaba wa chakula, wala si tamaa ya wembamba. Njaa ilikuwa imesomwa kama ugonjwa.

Nchini Tanzania, Eddy na wenzake (2007) walitumia hojaji za Kiswahili na Kiingereza kwa wanawake 214, wakichunguza pia uhusiano wa dalili na vyombo vya habari vya Magharibi. Kazi hiyo inathibitisha kuwa suala hili linaweza kutafitiwa kwa Kiswahili. Hata hivyo, lengo lake halikuwa wanamichezo.

5.0 Kipimo Kinapofika Ilemela

Hojaji ya EAT-26, iliyotolewa mwaka 1982 nchini Kanada, huhesabu alama 20 na kuendelea kuwa dalili ya hatari. Baadhi ya vipengele vyake huuliza kuhusu kukata chakula vipande vidogo, kujua kiasi cha kalori, na kuwaza chakula mara kwa mara. Kwa mlaji wa ugali, kukata tonge dogo ni adabu ya mezani. Kalori za dagaa walionunuliwa kwa kopo sokoni Kirumba hazijaandikwa popote. Na mwanafunzi aliyetoka mazoezini jioni bila kula mchana atawaza chakula kwa sababu iliyo wazi kabisa. Aidha, mahali ambapo kukonda huhusishwa na maradhi au shida, swali la kuogopa kunenepa halipimi kile lilichokusudiwa kupima.

Njia mbadala ya kupima chakula kwa mizani nayo ina mipaka yake. Watu wanne wakila kutoka sahani moja, sehemu ya kila mmoja haipimiki kwa urahisi. Mtafiti anayewaacha walaji wa namna hiyo kwa sababu ya ugumu huo atabakiwa na wasichana wa bweni au wa familia zenye uwezo, na sampuli itapotoka kabla hata ya uchambuzi kuanza.

Kwa hiyo, haitoshi kuandika umri na aina ya mchezo. Katika mazingira ya Ilemela, taarifa zinazoeleza tofauti ni hizi: kama mwanamichezo anasoma bweni au kutwa, idadi ya milo kwa siku na anayeamua mgawanyo wake, kipato cha kaya na chanzo chake, uvuvi ukiwemo, ambao hubadilika kwa msimu, kazi za nyumbani kama kuchota maji, umbali anaotembea kwenda mazoezini, mfungo wa Ramadhani au Kwaresima, na umri wa kuvunja ungo.

6.0 Hitimisho

Makala yamefafanua kuwa uwakilishi ni sehemu ya ukweli wa kipimo chenyewe. Sampuli finyu huzaa kiwango finyu, na kiwango finyu huzaa uamuzi usiomfaa aliyeachwa nje. Msichana aliyekosa hedhi kwa miezi minne akiambiwa kuwa hojaji haioneshi tatizo, huachwa aendelee kudhoofika mifupa. Mwenye njaa akipewa ushauri nasaha badala ya chakula, hakusaidiwa.

Inapendekezwa, kwanza, tafiti zijazo zitaje wazi idadi ya watu ambao matokeo yake yanaweza kuwahusu. Pili, hojaji za Kiswahili zihakikiwe kwa usaili wa ana kwa ana kabla ya kutoa asilimia. Tatu, maswali ya njaa na upatikanaji wa chakula yaambatane na ya mielekeo ya ulaji, ili asiyekula kwa kukosa atofautishwe na asiyekula kwa kukataa. Nne, afya ya hedhi ichunguzwe pamoja na wingi wa damu, kwa ridhaa ya msichana na mzazi au mlezi wake. Hatua hizi zinawezekana kwa vifaa vya kawaida vya zahanati, na zingeanza kumhesabu yule ambaye hadi sasa amesomewa majibu ya wengine.