Mlima wa Kiriri na mtihani wangu wa Kifaransa

Kila Jumamosi, kabla jua halijachomoza, sisi wakazi wachache wa Nyakabiga tunatoka mbio kuelekea Kiriri. Nyakabiga iko chini, Kiriri iko kilimani, na huko juu ndiko lilipo kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa Oktoba 13, 1961. Hapo ndipo tunapoishia. Ukisimama unaona mji wote, Ziwa Tanganyika, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Lakini dakika za kwanza hakuna anayeona kitu: tumeinama, mikono magotini, tunatafuta pumzi.

Mimi sikuwa mwanamichezo. Wazazi wangu walikimbia mwaka 1972, nami nikazaliwa na kusomea Ulyankulu, mkoani Tabora. Nilirudi mwaka 2008 na cheti cha ualimu na Kiswahili changu, nikidhani vinatosha. Kumbe ripoti ni Kifaransa, mikutano ni Kifaransa, na ili nibaki kazini nilitakiwa kufaulu mtihani wa lugha hiyo. Nilianguka mara mbili. Ndugu msomaji uliyerudi kama mimi unajua kuchekwa na watoto wa darasa la tano kunavyouma.

Jirani yangu, mama anayeleta vitenge kutoka Uvira kupitia Gatumba, aliniona nimejikunyata barazani. "Mwalimu, unakaa mno. Kesho twende siporo." Yeye alianza mbio baada ya mzigo wake wote kupotea mpakani, akakaa mwezi mzima ndani ya nyumba.

Siku ya kwanza sikufika hata nusu ya mlima. Mapaja yaliwaka, kifua kikabana. Mama hakunihurumia. Aliniambia nifupishe hatua, nisitazame juu, nitazame mgongo wa aliye mbele. Watoto wa mtaani walipiga kelele, "Wakimbizi hao!" Akawajibu, "Ndiyo, lakini saa mbili tunarudi kunywa chai."

Nilifika kaburini Jumamosi ya sita. Nilichokipata huko si furaha kubwa. Niligundua kwamba ile sauti inayosema "basi, imetosha" huanza kusema mapema sana, miguu ikiwa bado na nguvu. Usiku, nikiwa na daftari la vitenzi vya Kifaransa, niliisikia sauti ile ile, nikaitambua. Nikaongeza ukurasa mmoja, kisha mwingine. Mara ya tatu nilifaulu, kwa alama chache tu. Sisemi mbio zilinifundisha Kifaransa. Aliyenifundisha ni binti yangu, pamoja na redio.

Redio hiyo hiyo ndiyo iliyotuletea, tukiwa Ulyankulu mwaka 1996, habari za Vénuste Niyongabo kushinda dhahabu ya mita 5,000 huko Atlanta. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Burundi kushiriki Olimpiki, na nyumbani vita vinaendelea. Mbio zake hasa zilikuwa mita 1,500, lakini nafasi hiyo alimwachia Dieudonné Kwizera, aliyekosa michezo ya 1988 na 1992 kwa sababu nchi haikuwa na kamati ya Olimpiki. Siku hizo nilishangilia medali tu. Leo namfikiria zaidi Kwizera, aliyeendelea kufanya mazoezi miaka yote hiyo bila mlango wa kupitia.

Hata mbio zetu zimeonja misukosuko. Machi 2014 kukimbia kwa makundi barabarani kulipigwa marufuku bila kibali. Mwaka uliofuata Nyakabiga ikawa mtaa wa maandamano na milio ya risasi, mbio zikakoma, na baadhi ya wenzetu wakavuka mpaka kwa mara nyingine. Tuliobaki tulizoea kwenda wawili wawili, na mpaka leo tunaachana kidogo njiani, tunakutana juu.

Nisisahau jambo moja. Wale vijana wanaoteremsha ndizi kwa baiskeli kutoka Bugarama hawahitaji mawaidha yangu kuhusu jasho. Ukiwaambia unapanda mlima kwa hiari yako, watakucheka, na wana haki.

Jumamosi iliyopita alikuja kijana aliyerudi kutoka kambi ya Nyarugusu. Alichoka katikati ya mlima, akaketi ukingoni mwa barabara, kichwa kati ya magoti. Mama wa vitenge alikuwa ameshatangulia mbali. Akageuka, akashuka kumfuata.