KUSOMA NOTI ZA ZUMARI YA MFUKO

Huenda umewahi kuwaona pichani wapigaji wa Uskoti, wamevaa sketi za miraba na zumari yenye mfuko kwapani. Je, anayeanza husomaje noti zake? Usitishike, si ngumu hivyo!

Kwanza, zumari hii ina sauti 9 tu, toka G ya chini hadi A ya juu. Mwanafunzi huzikariri kwenye ile mistari mitano huku akizitafuta kwa vidole katika kizumari kidogo kisicho na mfuko. Mfuko baadaye, haraka haraka haina baraka.

Pili, karatasini mna noti za aina mbili. Kubwa, zenye vijiti vya kushuka chini, ndizo wimbo wenyewe. Ndogo, zenye vijiti vya kwenda juu, hupigwa upesi kama kudonoa. Wengi huziruka wakidhani ni mapambo tu. Lo! Hapo ndipo wimbo huharibika. Mfuko hutoa hewa bila kukoma, kwa hivyo sauti haikatiki. Ukipiga A mbili mfululizo bila noti ndogo katikati, sisi tutasikia A moja ndefu. Wala huwezi kutia mkazo kwa kupuliza kwa nguvu. Kazi hiyo yote ni ya noti ndogo.

Zamani Waskoti walifundishana kwa kuimba silabi, njia iitwayo canntaireachd. Hata leo, imba kwanza ndipo upige. Lakini wapigaji kumi wakiwa pamoja, karatasi ndiyo huvipatanisha vidole vyao. Mkono mmoja haulei mwana: sikio lataka jicho, nalo jicho lataka sikio.