ADHD: Jinsi saa na simu zinavyoweza kukupunguzia kukurupuka

Mshahara umeingia saa nne asubuhi. Kufika saa kumi jioni, viatu vimeshaagizwa Instagram, rafiki ameshakopeshwa elfu hamsini na mkeka wa mechi tano umeshawekwa. Kodi ya nyumba? Tutajua mbele ya safari.

Siku kama hiyo inaweza kumpata yeyote. Ila kwa mtu mwenye ADHD, hali ya ubongo inayoleta shida ya kutulia, kuwa makini na kujizuia, inaweza kujirudia mwezi hadi mwezi. Watu humuita mzembe au mbinafsi. Wengine husema tu "huyu hana akili ya maisha".

Na siyo hali ya watoto watundu peke yao. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeiweka ADHD kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, katika kundi la matatizo ya ukuaji wa ubongo. Dalili huanza utotoni, na kwa wengi huendelea ukubwani. Kule kuruka ruka kunaweza kupungua, lakini kukurupuka kunabaki na sura nyingine: kukatiza watu wakiongea, kutuma meseji ya hasira usiku, kuacha kazi bila kuwa na nyingine, kutumia hela iliyokuwa na kazi yake.

Muda unahusikaje hapo?

Russell Barkley, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeandika sana kuhusu ADHD, huielezea kama aina ya upofu wa muda. Kwa mtu huyu kuna "sasa" na kuna "siyo sasa", basi. Kodi ya tarehe 30 ipo kwenye "siyo sasa", kwa hiyo haina uzito. Viatu vipo hapa kwenye kioo cha simu. Tafiti zinaonyesha kitu kinachofanana na hicho: wakipewa nafasi ya kuchagua zawadi ndogo leo au kubwa zaidi baadaye, watu wenye ADHD huelekea kuchagua ile ndogo ya leo kuliko wenzao.

Ndiyo maana kumwambia "jitahidi kujizuia" hakumsaidii sana. Kinachosaidia zaidi ni kuutoa muda kichwani na kuuweka mahali unapoonekana, kisha kuongeza nafasi kidogo kati ya msukumo na tendo.

Chukua suala la manunuzi. Ukitamani kitu, usijiambie hapana, maana ubongo utabishana na wewe na mara nyingi utashinda. Kiandike kwenye simu pamoja na bei, weka alamu ya kesho saa kama hiyo, halafu endelea na shughuli zako. Alamu ikilia ndipo uamue. Vitu vingine utavikuta bado unavitaka, nunua. Vingine utashangaa hata ulivitakia nini. Kwa meseji ya hasira saa 24 ni nyingi mno, dakika 20 zinatosha. Iandike kwenye notisi za simu, siyo ndani ya WhatsApp, kwa sababu huko kidole kipo sentimita moja tu kutoka kitufe cha kutuma.

Njia nyingine inatokana na kazi ya mwanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer: mipango ya "ikiwa hivi, basi vile". Badala ya kusema "mwezi huu nitabana matumizi", unasema "ikiwa mshahara umeingia, basi kabla sijafungua programu nyingine yoyote natuma kodi". Uamuzi unakuwa umeshafanyika kichwa kikiwa kimetulia. Mshahara ukiingia, unatekeleza tu. Ukiunganisha mpango huo na ukumbusho kwenye kalenda ya simu, asubuhi ile ile ya mshahara, unakuwa na nguvu zaidi.

Kwa kazi za mezani wengi hutumia Pomodoro, mbinu iliyobuniwa na Mwitaliano Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa kutumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Unafanya kazi dakika 25, unapumzika 5. Wazo la "ngoja nimcheki fulani" likija katikati, liandike kwenye karatasi, ulishughulikie mapumziko yakifika. Kama dakika 25 ni mlima, anza na 10, hakuna atakayekukamata. Tumia saa inayoonekana ikipungua, siyo ya kulia tu mwishoni.

Sasa tatizo la alamu. Ukiziweka kumi na tano kwa siku, baada ya wiki masikio yanazizoea na unazizima bila hata kuamka. Bora tatu zenye maana, na kila moja iandikwe kitendo. Usiandike "Kikao", andika "Saa 8:30 mchana, vaa viatu utoke". Na sisi tuna la ziada: simu inaonyesha 14:30, mdomo unasema saa nane na nusu. Kwa mtu anayepata shida na muda, hesabu hiyo ndogo inatosha kumchelewesha. Andika kwa saa unazozitamka.

Je, haya yanafanya kazi kweli? Mwaka 2010, Mary Solanto na wenzake walichapisha utafiti wa watu wazima 88 wenye ADHD nchini Marekani. Waliofundishwa kwa wiki 12 kupanga muda na kazi zao walipata nafuu kubwa zaidi ya umakini kuliko waliokutana kwenye kikundi cha kusaidiana tu. Tuwe wakweli lakini: nafuu iliyopimwa zaidi hapo ni ya umakini. Kukurupuka ni kugumu zaidi, na saa peke yake haitakutosha kama kubeti au madeni yameshakuelemea.

Pia siyo kila anayekurupuka ana ADHD. Kukosa usingizi, msongo wa mawazo, pombe na magonjwa mengine ya akili yanaweza kuleta hali hiyo hiyo, kwa hiyo vipimo vya TikTok havitoshi. Anayeweza kukuambia ni mtaalamu wa afya ya akili, na huduma hizo zipo hospitali kama Muhimbili jijini Dar es Salaam, Mirembe jijini Dodoma na Mathari jijini Nairobi. Dawa zipo, ila ni za kuandikiwa na daktari. Ukienda, nenda na mtu aliyekujua ukiwa mtoto, au walau ripoti za shule ya msingi, kwa sababu daktari atataka kujua kama dalili zilikuwepo kabla hujafikisha miaka 12. Na siku ya miadi, weka alamu mbili.